Kipimo cha Kasiva

Pindo la gauni la kanisani la Kasiva lilikuwa limeanza tena kufagia njia. Mbithe aliliona Jumapili hiyo wakitoka ibadani, mama mkwe wake mbele, yeye nyuma, mtoto Mumbua amelala mgongoni na Biblia mbili zi mkononi. Kitambaa cha buluu kilichonyooshwa kwa pasi ya makaa kilikokota majani makavu ya migunga na kuacha mchirizi mwembamba vumbini, kama mahali alipopita kenge. Kasiva hakuutambua. Alitembea kama alivyotembea siku zote, polepole na bila wasiwasi, akijibu salamu kwa kichwa, na watu wakimpisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Mbithe hakuwa mtu wa kuwahi kusema. Zamani shuleni, kabla masomo hayajaishia darasa la nane, mwalimu wake alizoea kumwambia kwamba macho yake yanafanya kazi ya watu wawili na mdomo wake haufanyi hata ya mmoja.

Alasiri, vyombo vikiwa vimeoshwa, alikaa kwenye kivuli cha ghala, akaligeuza gauni ndani nje na kutafuta mahali pa kukunjia. Hapo mkono wake ukasimama. Ndani ya pindo kulikuwa na mistari mitatu ya mikunjo ya zamani, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na matundu yake madogo ya sindano. Mwaka alioolewa alilipunguza gauni lile kwa upana wa kidole. Mwaka uliofuata, kidole tena. Mwaka jana vivyo hivyo. Kila mara alijiambia kwamba vitambaa vya siku hizi hulegea vikifuliwa. Sasa alipima mkunjo wa leo, akaweka vidole vinne juu ya mistari ile, vikaenea barabara, na akajua jambo ambalo mikono yake ilikuwa ikilijua kwa muda mrefu bila kumwambia. Nguo iliyokwisha kushonwa hairefuki. Aliyekuwa akipungua ni mwenye nguo.

Kwa mwanamke mwingine wa umri ule lingekuwa jambo la kutaniana tu na wajukuu. Kwa Kasiva lilikuwa jambo la kijiji kizima, kwa sababu kiangazi cha kijiji kizima kilipimwa kwa mwili wake.

Mbithe alizaliwa upande wa Wote, Makueni, ambako majira yana majina ambayo kila Mkamba anayajua: thano, ndicho kiangazi, nthwa, mvua za mwisho wa mwaka, na uua, zile za Machi ambazo huja zikitaka, na zisipotaka hazitumi salamu. Mengine yote waliyasoma kwenye kalenda ya dukani. Alipoolewa na Nyamai na kuvuka Mto Athi kuja kijiji hiki, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Ikutha, alikuta watu waliotundika kalenda ukutani kwa ajili ya picha. Katika juma lake la kwanza, jirani mmoja aitwaye Katunge, mwanamke mrefu mwenye ulimi wa upupu, alimkuta mtoni akamwambia, "Usilie, mke wa Nyamai. Mumeo akienda kazini Makindu, atarudi kiunoni." Wanawake wakacheka. Mbithe akainamisha uso kwa haya, akidhani ameolewa na watu wasio na adabu.

Hayakuwa matusi. Kiunoni maana yake ilikuwa mwezi wa Agosti.

Mto wao ni wa mchanga. Hutiririka siku chache kila mvua inaponyesha, kisha maji huzama na kulala chini, na wanawake huyafuata huko kwa jembe na bakuli. Kadiri thano linavyokomaa, maji hushuka, na shimo hushuka nayo. Watu wa kona ile ya mto walikihesabu kiangazi kwa kina cha shimo, na kina cha shimo kwa mwili wa mtu mmoja aliyesimama ndani yake. Kifundo ulikuwa wakati wa kuvuna na kupura ndengu. Goti, wakati wa kuezeka upya na kupeleka posa. Kiuno, wakati wa waliotawanyika kwenye miji kurudi mara moja kuona watu wao. Kikifika kifua, ng'ombe walikunywa siku moja na kuruka moja. Begani, watu wazima walioga kwa kikombe. Na kidevuni, nusu ya ng'ombe wa kila boma ilibidi waondoke, kwa sababu kisima cha kidevu hakiwezi kuwanywesha watu na mifugo yote pamoja, na boma moja likikataa, maboma yote yataona kiu. Baada ya kidevu lilikuwako neno moja tu, utosi, ambalo Kasiva alikuwa amelisema mara mbili maishani mwake, na wanawake walilitaja kwa kunong'ona.

Watu wa kona iliyofuata, hatua chache tu juu ya mto, hawakuyajua maneno hayo. Wao walikuwa na yao.

Mbithe aliyaokota moja moja kama mtu anayeokota shanga zilizomwagika. Aligundua kwamba kulikuwa na kiuno cha kweli na kiuno cha punda, kile kinachokuja mapema kwa sababu punda wa wapita njia wamekunywa usiku. Kulikuwa na kifua baridi, cha mwaka ambao manyunyu ya Julai yamechelewesha mambo. Kulikuwa na bega la mvivu, ambalo si bega hata kidogo, ila shimo halikusafishwa vizuri. Kila neno lilibeba ndani yake habari ambayo kalenda ya dukani isingeweza kuitoa: kwamba Julai ya mwaka huu si Julai ya mwaka jana, na kwamba mtu anayeishi hapa hana budi kujua tofauti.

Na mwenye mwili huo, kwa miaka ishirini na saba, alikuwa Kasiva. Kila Jumamosi asubuhi, wachimbaji walipofika kwenye maji, alivua viatu, akakaza leso kiunoni na kushuka. Alisawazisha mchanga kwa nyayo, akaunganisha visigino, akanyoosha mgongo na kufumba macho. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akasema neno moja, na neno hilo lilikuwa amri. Hata chifu hakulipinga. Siku moja afisa kijana aliwaletea fimbo iliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu, yenye alama za sentimita, akawaambia waitumie badala ya mtu. Kasiva aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru. "Ni fimbo nzuri," alisema. "Lakini fimbo haisikii mchanga ukitembea." Mwaka uliofuata Mbithe aliona kwa macho yake maana ya maneno hayo. Kasiva alifumba macho shimoni, akayafumbua ghafla, akatoka mbio kama msichana huku akiwavuta nyuma wawili waliokuwa ukingoni. Kabla hawajamaliza kumuuliza kuna nini, ukingo mzima ulimiminika ndani bila kelele, kama unga unaomiminwa kutoka kwenye gunia. Tangu siku hiyo Mbithe alimtazama mama mkwe wake kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazamia mtu yeyote, hata mchungaji.

Yeye mwenyewe alikuwa ameingia katika familia hii kwa kimo. Ujumbe wa posa ulipofika Wote, Kasiva alimwinua msichana kutoka kwenye kiti, akasimama naye mgongo kwa mgongo mbele ya wageni, akauliza, "Nani mrefu?" Hakuna aliyeweza kusema. Wanawake waliporudi Ikutha walitangaza kwamba Kasiva amejiolea mwenyewe.

Sasa, chini ya ghala, Mbithe aliufikiria mwaka jana.

Mwaka jana Kasiva alisema kidevu hata Septemba haijaisha. Nusu ya ng'ombe wakapanda lori la Ndeti, mfanyabiashara wa mifugo wa Makindu, ambaye alikuwa amejifunza maneno yao kuliko baadhi ya wake walioolewa pale. Ndeti alipopiga simu na kuuliza, "Mko wapi?" hakuwa akiuliza mahali. Akiambiwa kifua, alikata simu kwa adabu. Akiambiwa bega, alitia lori mafuta. Huko minadani, wenzake walikuwa wameanza kuita bei ya chini ya kila namna kidevu. Na baada ya lori kuondoka, maji yalibaki palepale yalipo. Juma la kwanza, la pili, la tano. Yalilala chini ya mchanga bila ng'ombe wa kuyanywa, mpaka nthwa ikaja na kuyafunika. Watu walisema Mungu ana mipango yake. Katunge alilazimika kutoa mmoja wa maksai wake wawili. Maksai mmoja havuti plau peke yake, na alilima shamba lote kwa jembe la mkono.

Wiki tatu zilizopita Kasiva alikuwa amesema bega. Jumamosi hii kila mtu alitazamia kidevu. Katika boma lao kulikuwa na ng'ombe wawili, yule mzee aliyekuwa akimpa Mumbua maziwa, na mtamba wa Mbithe aliyepewa na baba yake, mwenye mimba ya miezi saba. Haikuhitajika akili nyingi kujua ni yupi angepanda lori.

Alilichukua gauni likiwa bado ndani nje, akampelekea Kasiva mlangoni, alipokuwa akichambua kunde.

"Mwaitu," alisema, kama binti anavyomwita mamake kwa Kikamba.

"Umemaliza?"

"Bado. Nilitaka ulione kwanza."

Kasiva alilipokea. Macho yake hayakuwa mazuri tena, lakini kidole gumba kilipita juu ya mstari wa kwanza, kikarudi. Kikapita juu ya wa pili, na wa tatu. Kuku walikuwa wakipekuapekua majivu. Kidole kikarudia tena kutoka mwanzo.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna. Ni mimi ninayelishona."

"Nyamai je?"

"Wanaume hawaangalii pindo, mwaitu."

Kasiva alitaka kucheka, kicheko kikakatikia njiani. "Mwaka jana," alisema, wala si kwa Mbithe. Midomo yake ikacheza bila sauti, na Mbithe alijua anawapitia ng'ombe wale mmoja mmoja, kwa rangi na kwa boma. Kisha uso wake ukajifunga kama mlango.

"Nimesimama kwenye mto ule nikiwa na mimba ya mumeo. Nimesimama nikiwa na malaria. Nimesimama Jumamosi tuliyomzika baba yake, asubuhi, kabla ya mazishi. Leo wewe unakuja kunipima kwa uzi."

"Sikupimi, mwaitu."

"Shona pindo lako. Na ukimaliza, ushone na mdomo."

Mbithe alirudi kivulini akashona. Machozi yalimjia, lakini kilichobaki naye hakikuwa ukali wa maneno. Ilikuwa mikono. Mikono ya Kasiva, iliporudia kunde, ilikuwa ikitupa punje nzuri na kubakiza zilizotobolewa na wadudu.

Wiki ile ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Siku ya Jumatano, akirudi kutoka kukata kuni, Mbithe alimwona mama mkwe wake kupitia uwazi wa ua, amesimama peke yake, ameegemeza mgongo kwenye nguzo ya ghala na kunyoosha shingo juu kadiri ilivyoweza, kama kuku anayemtafuta mwewe angani. Mbithe alisimama palepale njiani na mzigo wake kichwani, akangoja mpaka Kasiva alipoondoka, ndipo akakohoa na kuingia. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda wakati ule, na hilo ndilo lililofanya jambo kuwa gumu. Angesema nini mbele ya wanawake? Mke wa mwana hasimami hadharani akamvua mamake nguo. Na asiposema, kwato za mtamba wake zitapanda ubao wa lori, na kwato za wengine nyuma yake, na maji yatalala tena kisimani bila mnywaji. Alijaribu kupima lipi zito zaidi, akashindwa. Alichojua ni kwamba ameamriwa kufunga mdomo, na angetii.

Jumamosi ikafika. Lori la Ndeti lilikuwa limekwisha kuegeshwa juu ya ukingo wa mto tangu jua lilipochomoza, ubao wake wa nyuma ukiwa umeshushwa. Ng'ombe walisimama katika makundi madogo kwenye mchanga, wakinusa upande wa maji. Wanawake walichimba kwa zamu.

"Shemeji zangu," Ndeti aliita kutoka juu, kofia mkononi, "mko wapi leo?"

"Ngoja usikie kama wengine," Katunge alimjibu bila kuinua kichwa. "Hata fisi hungoja mnyama aanguke."

"Mimi ni fisi? Mimi ni msaada. Nisipokuja, mtawabeba mgongoni?"

"Mwaka jana ulimbeba maksai wangu. Anasemaje huko?"

"Anakusalimu sana."

Walicheka, ingawa hawakutaka. Katunge naye alicheka, kisha akatema mate pembeni na kuendelea kuchota mchanga.

Zamu ya Mbithe ilifika mwishoni. Alimkabidhi mwenzake mtoto, akashuka na bakuli. Mchanga wa chini ulikuwa mweusi na mzito. Alichota, akapitisha juu, akachota tena, mpaka bakuli lilipokwangua na kutoka likiwa na kijidimbwi ndani yake. Maji. Kwa kawaida mchimbaji hupitisha bakuli la mwisho na kutoka, mwenye kipimo ashuke.

Mbithe alipitisha bakuli la mwisho. Hakutoka.

Alisawazisha mchanga kwa nyayo, kama alivyoona ikifanywa kila Jumamosi kwa miaka minne. Akaunganisha visigino. Akanyoosha mgongo, mikono ikining'inia ubavuni, akatazama mbele juu ya ukingo wa mchanga, ambako aliona miguu tu na kwato. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Toka, mke wa Nyamai," Katunge alisema. "Mwenye kipimo ashuke."

Mbithe hakujongea.

"Umekwama? Ama umepata mume mwingine huko chini?"

Vicheko viwili vitatu vikasikika, vikafifia. Mtu mmoja alisogea ukingoni kutazama, na mwingine. Kisha Muthoki, yule aliyempokea mtoto, akasema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, "Angalieni mchanga umemfika wapi."

Hakuna pale asiyekumbuka hadithi ya mgongo kwa mgongo kule Wote. Mbithe alijua kwamba vichwa vyote vimegeuka, na vimemgeukia nani, na akatamani ukuta wa mchanga umfunike kabla hajasikia kitakachofuata.

Nyayo zisizo na viatu zilikuja hadi ukingoni, zikasimama juu kidogo ya sikio lake. Alizijua bila kuinua macho, kwa ukucha ule wa kidole gumba uliopasuka zamani.

Kasiva aliinama juu ya shimo.

"Umesimama kwa vidole au kwa kisigino?" aliuliza.

"Kwa kisigino, mwaitu."

"Mgongo?"

"Umenyooka."

"Mchanga unatembea?"

Mbithe alifumba macho. Hakuwahi kuusikiliza mchanga kutoka ndani. Ulikuwa na sauti, kweli, sauti ndogo kavu kama ya mtu anayevuta pumzi usingizini, lakini haikuwa ikienda mahali. "Umetulia."

"Basi sema. Aliye juu hawezi kusema."

Neno lilikuwa fupi, na alikuwa amelisikia mara nyingi likitoka kwenye kinywa kingine. Bado lilimchukua pumzi mbili.

"Bega," Mbithe alisema.

Kisha Kasiva akawageukia wenzake, na sauti yake ikapita juu ya shimo.

"Miaka minne sasa ninapungua. Mke wa mwanangu amekuwa akikunja pindo la gauni langu, mimi nikidhani ni kitambaa. Mwaka jana niliposema kidevu, kilikuwa kidevu changu, hakikuwa cha mto. Ng'ombe wenu waliondoka kwa sababu yangu. Maksai wa Katunge aliondoka kwa sababu yangu. Jumapili nililijua hilo, na leo nimekuja hapa na leso yangu kiunoni nikitaka kushuka na kulirudia."

Hakuwa akilia. Hakuharakisha wala hakupunguza. Aliyasema kwa sauti ileile aliyotumia kusema goti na kiuno na kifua, sauti isiyoongeza unyayo wala kupunguza, na Mbithe, kutoka chini, aliona kwamba katika miaka yote hakuwahi kumsikia mwanamke huyu akipima sawasawa kama hivyo.

"Lakini, mama zangu," Ndeti alianza kutoka juu, "mambo ya kubadilisha mtu hivihivi, hata utaratibu—"

"Wewe nyamaza," Katunge alimwambia. "Hapa hakuna kitu chako bado."

Alikuwa ameketi mchangani, jembe magotini. Alimgeukia Kasiva.

"Nililima kwa mkono, Kasiva. Shamba lote."

"Niliona."

"Ulikuja ukanisaidia siku tatu."

"Nilikuja kama jirani. Ningejua, ningekuja siku zote."

Katunge alichukua mchanga kiganjani, akauachia upite katikati ya vidole. Hakusema kwamba amesamehe, na hakuna aliyemtaka aseme. Baadaye alijivuta hadi kwenye ukingo, akachungulia.

"Wewe huko chini. Siku utakayoanza kupungua, utatuambia mwenyewe, ama tungoje mkwe wako ajifunze kushona?"

"Nitawaambia," Mbithe alisema.

"Na maji yakikatika kabla ya nthwa?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefika hadi kwenye neno na si hatua moja zaidi. Sasa aliona kwamba neno lile halikuwa limemwokoa mtamba wake tu, lilikuwa limewabakiza ng'ombe wote hawa juu ya kijidimbwi kisichojaa viganja viwili. Ikiwa amekosea, hakutakuwa na gauni la kulaumu.

"Nitakuwa hapa kila Jumamosi," alisema. "Yakishuka, nitasema."

Katunge aliguna, akainuka na kukung'uta leso. "Haya. Bega," aliwaambia wengine, na hapo ndipo lilipokuwa neno. Wanawake wakaanza kuwageuza ng'ombe. Kwato zilipita karibu na shimo, punje za mchanga zikateleza ukutani na kukoma. Juu ya ukingo ubao wa lori ulipandishwa na kufungwa kwa mnyororo. "Nitarudi," Ndeti aliita, bila ubaya. "Kidevu kitafika tu." Na alikuwa akisema kweli.

Mbithe aliweka mkono ukingoni apande.

"Bado," Kasiva alisema. Alikuwa amekaa kando, mbali kidogo na mdomo wa shimo ili uzito wake usiubonyeze, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyefika nyumbani. Wengine walikuwa wamekwenda na mifugo. "Neno wamelichukua. Lakini wewe hujamaliza. Kaa hapo mpaka maji yafunike ukucha wa kidole gumba, ndipo utajua yanakuja kwa nguvu gani. Hiyo hatuwaambii, maana haina jina. Inakaa na mwenye kipimo peke yake."

Mbithe aliurudisha mkono. Miaka minne aliyokuwa akimtazama Kasiva amefumba macho pale chini, alidhani anaomba.

"Unasikia?"

"Baridi, mwaitu."

"Wapi?"

"Chini ya kisigino."

"Cha kulia au cha kushoto?"

Hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na tofauti. Aliunganisha visigino vyake tena, akafumba macho, akangoja. Mchanga ulimzunguka hadi begani, tulivu, na maji, polepole kama mtu anayeamka, yakaanza kuchagua upande.